Ushauri: nataka kufufua ndani ya Mark II GX100 nyumbani bila kuifunika yote kwa reksini

Mkazi wa Chumbageni

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba ushauri kuhusu Toyota Mark II GX100 ya mwaka 1998, ambayo marehemu baba aliinunua ikiwa imetumika Japani na ambayo sisi wanawe tumekubaliana isiuzwe. Injini ni nzima na bodi haijaoza, lakini ndani pamechoka kiasi kwamba mama akipanda hujitanda kanga kichwani, kwa kuwa kitambaa cha dari kimeachia na kinamgusa nywele, na kila kikiguswa humwaga unga wa kahawia kama pumba. Siti ya dereva imechanika upande wa mlangoni na sponji yake imelika, dashibodi ina ufa karibu na kioo cha mbele, na zulia la upande wa abiria wa mbele limelowa karibu kila siku, hata sasa ambapo kaskazi inavuma na hatujaona mvua kwa wiki kadhaa. Uvundo wake unajulikana na majirani.

Fundi mmoja wa hapa Tanga amenishauri nishone kava za reksini nyeusi kwa siti zote, dari ibandikwe kwa gundi ya viatu, na zulia jipya litandikwe juu ya lile la zamani. Bei yake si mbaya. Kinachonizuia ni mahameli ya kijivu iliyokuja na gari, ambayo kwenye siti ya nyuma bado iko kama mpya. Ninazo Jumamosi nne au tano kabla ya masika, bisibisi, mashine ya kufyonza vumbi ya kuazima, na shemeji mwenye subira. Nianzie wapi, na ni lipi nisiliguse mwenyewe?

Mshona Siti

Ndugu yangu, pole kwa msiba na hongera kwa kutolikubali shauri la zulia juu ya zulia. Hilo ndilo lingekumalizia gari. Chini ya zulia la Mark II kuna tabaka nene la nyuzi lililowekwa kupunguza kelele, nalo hunyonya maji na kuyahifadhi kwa wiki nyingi huku juu ukidhani pamekauka. Ukilifunika, utakuwa unafuga kutu ya sakafu kwa gharama yako mwenyewe.

Kwa hiyo anza na maji, wala usinunue gundi wala kitambaa kabla hujajua yanatoka wapi. Yakionekana baada ya mvua tu, chunguza mpira na gundi ya kioo cha mbele, kisha fungua paneli ya mlango uangalie kama ile karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwa ulimbo mweusi bado ipo, kwa maana mafundi wa spika na wa vioo huichana na kuitupa, na tangu siku hiyo maji yanayoteremka ndani ya mlango huingia miguuni. Yakiwa yanateleza kidoleni na yana harufu tamu, hayo ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye hita. Lakini wewe umesema yanatokea upande wa abiria na hakuna mvua, jambo linalonifanya nishuku kiyoyozi. Kwenye gari la usukani wa kulia kama hilo, kipoozeo cha kiyoyozi kimekaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa kushoto, na maji yake hutoka kwa mpira mdogo unaotokeza chini ya gari. Washa kiyoyozi kwa dakika 20 ukiwa umeegesha, kisha chungulia chini. Kama hapadondoki kitu katika hewa ya Tanga, mpira umeziba.

Kapteni wa Likoni

Naheshimu kazi ya fundi aliyenitangulia, ila kuhusu reksini nataka kutofautiana na mwenye uzi. Mimi nimeendesha teksi Mombasa kwa miaka mingi na abiria wangu hupanda wakitoka baharini na mchanga na chumvi mwilini. Reksini huipangusa kwa kitambaa chenye maji na safari inaendelea, ilhali mahameli ingekuwa imeota uyoga. Nakubali kwamba nyeusi huchoma mapaja saa sita mchana, lakini hakuna aliyekulazimisha kuchagua nyeusi.

Mshona Siti

Kapteni, kwa teksi nakuunga mkono. Gari la mwenzetu hupanda familia, na mahameli ya nyuma bado ni nzima, kwa hiyo kilichoharibika ni kipande kimoja cha siti moja. Hicho hakidai kava za gari zima.

Sasa niseme kuhusu siti yenyewe. Vua kitambaa cha kikalio taratibu, kwani kimeshikwa kwa pete ndogo za waya zinazokatwa kwa koleo na kuwekwa mpya wakati wa kurudisha. Piga picha kila hatua. Sehemu ya sponji iliyolika ikate iwe na kingo zilizonyooka, kisha ubandike kipande cha sponji ngumu (usitumie ile ya mito ya sebuleni, italala ndani ya mwezi mmoja) na uichonge kwa kisu kikali hadi ifanane na upande wa pili. Kwa kitambaa kilichochanika, sisi huazima mahali pasipoonekana: mgongo wa siti ya mbele, au siti nzima iliyotoka kwenye gari lililokatwa. Dar es Salaam utaipata Ilala, na Nairobi kuna Grogan. Kushona ndiko ninakokushauri umwachie mwenye cherehani ya kushonea ngozi. Cherehani ya nyumbani itavunja sindano, na uzi wa nguo hautadumu.

Nikiwa kijana nilijifunzia kazi kwenye Volkswagen za zamani, ambazo siti zake zilijazwa nyuzi za makumbi zilizoshikishwa kwa mpira. Tulikuwa tukizijazia usumba wa hapahapa pwani na hakuna aliyetambua tofauti. Toyota hizi ni sponji tupu.

Bisibisi

Kabla mwenye uzi hajafungua siti wala usukani, jambo moja halijasemwa. GX100 ina mifuko ya hewa ya usalama. Toa waya wa hasi wa betri, kisha usubiri. Toyota yenyewe huelekeza angalau sekunde 90, na mimi husubiri dakika 10 kwa kuwa sina haraka ya kupigwa usoni. Plagi na nyaya za rangi ya njano usizichomoe wala usizipime kwa taa ya majaribio. Swali lako la lipi usiliguse, jibu langu ni hilo.

Vilevile, ufa wa dashibodi usiuzibe kwa gundi ngumu ya pakiti mbili. Dashibodi hutanuka mchana na kusinyaa usiku, hivyo kitu kigumu kitaachia pembeni na utapata nyufa mbili badala ya moja. Tumia kijazio kinachonyumbulika, msasa laini, halafu rangi ya plastiki iliyotengenezewa vinyili. Ukiona kazi hiyo inakushinda, weka kifuniko cha kitambaa kilichokatwa kwa umbo la dashibodi, mradi kisipite juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa wa abiria. Na yale mafuta ya silikoni ya kung'arisha yaache kabisa: yanaakisi jua kwenye kioo, na ukija kupaka rangi baadaye haitashika.

Mama Nuru

Wanangu, mmesahau dari, na ndiyo inayomsumbua mama yake.

Unga unaomwagika ni sponji nyembamba iliyokuwa nyuma ya kitambaa. Joto na unyevu vimeila hadi imekuwa vumbi. Gundi yoyote utakayotia sasa itashika vumbi hilo, na vumbi halishiki ubao wa dari, ule mgumu unaobeba kitambaa. Ndiyo sababu gundi ya viatu hudumu siku chache, tena hupenya na kuacha madoa ya manjano. Mimi na mume wangu tulifanya dari ya Corolla yetu barazani kwa siku mbili. Tulitoa vizuia jua, mishikio, taa na plastiki za nguzo, tukalaza siti za mbele kabisa, tukautoa ubao kwa mlango wa abiria tukiwa wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kwa sababu ukikunjika alama yake haiondoki. Kisha tukasugua sponji yote ya zamani kwa brashi laini, pua na mdomo vikiwa vimefungwa, mpaka ubao ukabaki mtupu. Hapo ndipo subira ya shemeji itakapohitajika.

Kitambaa kinunuliwe kile chenye sponji ya milimita 3 nyuma yake, mita 2 zenye upana wa mita 1.5, lakini pima ubao wako kwanza. Gundi iwe ya kupuliza, na kopo lioneshe kwamba inahimili joto la nyuzi 70 au zaidi, kwa sababu chini ya bati la paa lililopigwa jua ile ya kawaida huyeyuka. Puliza pande zote mbili, ngoja ikauke kiasi cha kunata bila kuchafua kidole, halafu laza kitambaa nusu kwa nusu kuanzia katikati, ukipapasa kwa kiganja kuelekea pembeni. Usikivute. Ukikivuta kwenye mabonde ya ubao, kitaachia hapohapo.

Mahameli isafishwe kwa povu la sabuni laini, si maji ya kumwaga, na isuguliwe kuelekea upande mmoja. Palipoota ukungu pasuguliwe kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Jiki usiitie, itaacha mabaka meupe. Mikanda ya usalama nayo iondolee jasho kwa sabuni na maji ya uvuguvugu tu, kisha iache nje ikauke kabla ya kuirudisha, wala usiitie rangi wala dawa yoyote ya kung'arisha, kwa maana hiyo hudhoofisha nyuzi zake.

Mkazi wa Chumbageni

Nawashukuru nyote, na shikamoo Mama Nuru. Leo asubuhi tuliwasha kiyoyozi kwa nusu saa na chini ya gari hapakudondoka hata tone. Shemeji aliingia uvunguni, akauona mpira umezibwa kwa udongo mgumu, nadhani kazi ya nyigu, akauzibua kwa waya laini, na maji meusi yakamteremkia shingoni, karibu kikombe kizima. Baada ya hapo tulitoa siti ya abiria na kuinua zulia. Tabaka la chini lilikuwa zito kama blanketi lililofuliwa, na sakafu ina kutu ya juujuu sehemu mbili, kila moja kama kiganja, ila bisibisi haipenyi.

Zulia sasa limetandazwa juu ya ukuta wa uani. Mshona Siti, naomba unijibu mawili: kutu hiyo niisugue kwa msasa na kupaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kurudisha zulia, au kuna dawa nyingine mnayotumia? Na lile tabaka la nyuzi, ambalo limeanza kumeguka mikononi, linakauka likatumika tena, au nitafute jingine nitakapokwenda Ilala kuulizia siti?

Mshona Siti

Kama bisibisi haipenyi, msasa, rangi ya kuzuia kutu mikono miwili, na siku mbili za kukauka zinatosha. Tabaka linalomeguka litupe. Ukienda Ilala kata kipande cha mahameli yako, hata cha ukubwa wa stempu, uende nacho mfukoni, kwa sababu kijivu cha Mark II kiko cha aina zaidi ya moja na chini ya turubai la muuzaji vyote vinafanana.