Ngomeni, pwani ya Kenya, setilaiti ziliruka tangu 1967, leo mnaniambia anga si mambo yetu?

Wadau, nina hasira, mnisamehe. Jana barazani, kahawa haijapoa, mzee wangu mmoja kasema, "Roketi na sisi wapi na wapi? Watu hawana unga." Baraza zima likacheka.

Hebu niambieni, hizo pesa za mambo ya anga mnadhani hupakiwa kwenye roketi zikamwagwe juu? Mwezini kuna duka? Zinabaki hukuhuku chini, kwa fundi wa kuchomelea, dereva, mpishi, mhandisi, na mwenye nyumba anayewapangisha.

Na eti "wapi na wapi"! Tarehe 26 Aprili 1967 Waitaliano walirusha setilaiti yao San Marco 2 kutoka majukwaa ya baharini hapo Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Wakati huo Kourou, kule Guyana ya Wafaransa, haijaruka hata roketi moja. Ya kwanza iliruka Aprili 1968. Tena sisi tuko karibu zaidi na ikweta, ambako mzunguko wa dunia wenyewe unakupa msukumo wa kilomita 1,600 na ushee kwa saa, bure, mafuta yanapungua. Wenzetu Wafaransa wakamwaga pesa za umma mwaka baada ya mwaka, na leo Kourou ni mji unaokula kwa roketi. Ngomeni zilirushwa setilaiti tisa, ya mwisho 1988, basi. Tumebaki na kituo cha kufuatilia setilaiti za wenyewe na majukwaa ya kupigia picha.

Desemba 12, 1970 setilaiti ya Wamarekani ilirushwa hapohapo na Waitaliano, Wamarekani wakaiita Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu. Sayansi yao, sisi tukachangia jina!

Halafu huyo asiyetaka setilaiti, ndugu yake mfugaji Marsabit akilipwa bima ya ukame, malisho yamepimwa na nini? Picha za setilaiti, zilizolipiwa na walipa kodi wa nchi za watu.

Taifa-1, setilaiti yetu ya Kenya, ilipopaa Aprili 2023 nilishangilia kama mwehu. Lakini iliomba lifti California! Mtoto wa pwani kwenda kupanda chombo pwani ya wengine.

Sasa nauliza: kodi ya pango ya ile ardhi ya kituo cha Ngomeni ni kiasi gani, na inaingia mfuko gani? Mwenye namba aziweke hapa. Mwenye hadithi ya unga apite tu.