Naomba ushauri: saa 80 za SNAP hazitimii

Habari zenu ndugu, hasa mnaowasaidia wenzetu na msaada wa chakula wa SNAP huko Marekani.

Kuna mama wa miaka 52, raia, hana mtoto nyumbani wala cheti cha daktari. Anatakiwa afikishe saa 80 kwa mwezi, iwe kazi, kujitolea au mafunzo. Bila hivyo anapata msaada kwa miezi 3 tu ndani ya miezi 36. Kazini kwake ghalani wamempunguzia kutoka saa 20 hadi 15 kwa wiki, yaani kama 65 kwa mwezi. Mwezi mmoja kati ya ile 3 umeshaliwa, na inaniuma kwa sababu si yeye aliyekataa kazi.

Tumepeleka slipu za mshahara na kuripoti mapema (wengi hukwama kwa kusubiri barua ya kukatiwa msaada). Kanisa limekubali agawe chakula saa 4 kwa wiki. Jumla ingefika kama 82.

Je, kwenu barua ya kanisa yenye tarehe, saa na sahihi ya msimamizi ilitosha, au ofisi ilidai fomu yake? Na kuna aliyefanikiwa kurudishiwa mwezi kwa sababu mwajiri ndiye aliyepunguza saa? Mlithibitisha kwa karatasi gani?