Tupeane uzoefu: wimbo uko katikati, ghafla unasikia kelele za uwanjani

Lulu ya Usiku
Wakuu, poleni na majukumu. Jana usiku limenikuta jambo likanirudisha mbali, nikasema hili lazima tulizungumze.

Kuna kipindi cha zilipendwa nakisubiri wiki nzima. Mtangazaji kafungua vizuri, kataja mwaka wa wimbo, kataja waliopiga magitaa, wimbo ukaanza. Ikafika ile sehemu waimbaji wananyamaza, magitaa mawili yanaanza kuulizana na kujibizana. Kata! Kelele za mashabiki. Mtu anapaza sauti "anaingia nao, anaingia naooo". Hakuna samahani, hakuna "sasa tunajiunga na uwanja". Wimbo haukurudishwa. Mpira ulipoisha wakaletwa wachambuzi wawili kuchambua mpira ule ule tuliotoka kuusikia, mpaka muda wa kipindi changu ukaisha.

Sina ugomvi na michezo. Stesheni za michezo zipo, tena nyingi. Naongelea stesheni inayojinadi kuwa ni ya muziki saa 24. Nani mwingine yamemkuta?

Kaseti Upande B
Umenitonesha kidonda mkuu. Enzi za kurekodi kutoka redioni, nilikuwa naweka redio kaseti mbele ya spika ya redio kubwa, vidole viwili viko juu ya vitufe, nasubiri mtangazaji anyamaze ndipo nibonyeze. Kuna wimbo niliuwinda sana. Siku nimeupata, dakika ya pili hivi, "goooooli!" Kaseti ninayo mpaka leo. Unasikia wimbo, unasikia goli, halafu unasikia mimi nalia kwa mbali na shangazi anauliza kuna nini.

Ukubwani nikaja kuusikia wimbo wote. Pale mahali, mwili wangu bado unasubiri goli.

Mama Kiitikio
Hilo la kusubiri goli ndani ya wimbo nakuelewa kabisa. Ninao wa hivyo, ila wangu una taarifa ya habari.

Mshika Kipenga
Mleta uzi, nitakupinga kwa heshima. Redio na michezo vimekua pamoja. KDKA, stesheni ya redio ya Pittsburgh, Marekani, ilitangaza pambano la ngumi Aprili 1921, BBC yenyewe ilikuwa haijaanzishwa. Tarehe 22 Januari 1927 BBC ikatangaza mpira wake wa kwanza, Arsenal na Sheffield United, uwanja wa Highbury, wakatoka 1-1. Gazeti la Radio Times lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa miraba yenye namba. Mmoja anasimulia, mwenzake anataja namba ya mraba ulipo mpira, msikilizaji nyumbani anafuatilia kwa kidole. Watu wamependa redio kwa sababu ya michezo. Leo mnataka tuhame?

Lulu ya Usiku
Mshika Kipenga, kama ni kuhesabu miaka, tuhesabu vizuri. Januari 1910 opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, ilirushwa hewani kutoka jumba la Metropolitan, New York, na Enrico Caruso alikuwa miongoni mwa walioimba. Muziki umewatangulia kwa miaka 11. Na sijasema mhame. Nimesema mbishe hodi kabla ya kuingia.

Mshika Kipenga
Majaribio hayo. Waliosikia walikuwa wachache.

Lulu ya Usiku
Waliosikia walisikia muziki.

Taa Kubwa
Mimi naendesha usiku, safari ndefu. Muziki kwangu si starehe, ndio unaoniweka macho. Siku moja barabara imenyooka, giza pande zote, naimba na redio kwa sauti yote. Ikaingia mechi. Siupingi mpira, ila mpira uliopoa, kipindi cha pili, timu zote zimeridhika na sare, mtangazaji mwenyewe kachoka... usingizi ukaanza kunivuta. Nikabadilisha stesheni. Mechi ile ile, mtangazaji yule yule! Nikabadilisha tena. Yule yule. Kumbe stesheni zote zile ni za mwenye mali mmoja na zimeunganishwa. Ikabidi nisimame nilale kidogo.

Mama Kiitikio
Kulala ndiyo ushauri sahihi Taa Kubwa, mpira au bila mpira.

Fundi Mitambo
Nimekaa studio miaka mingi, niwaeleze kinachotokea upande wa pili.

Stesheni ikinunua haki ya kutangaza ligi, mkataba unasema mnaanza kuchukua matangazo saa ngapi. Na haianzi na mpira, inaanza na wadhamini. Tangazo la mdhamini lisiposikika, pesa hailipwi. Kwa hiyo kompyuta inayopanga nyimbo imewekewa muda usiosogezwa. Ikifika sekunde hiyo inakata chochote kilichopo hewani, haijui kwamba magitaa yanajibizana.

Mtangazaji makini anahesabu kurudi nyuma. Anaona zimebaki dakika saba, anachagua wimbo wa dakika nne na wa dakika mbili na nusu, sekunde zinazobaki anaaga. Kazi ya kalamu na karatasi tu. Hiyo ya jana hakuna aliyekaa akahesabu, na kwenye stesheni nyingi usiku hakuna mtu kabisa, ni mashine peke yake.

Mwisho wa mechi ndio mgumu, hapo mtuhurumie. Kombe la Dunia 2022 kule Qatar, Uingereza na Iran, dakika zilizoongezwa kwa vipindi vyote viwili zilizidi 20. Hapo bado hujafika muda wa ziada wala penalti. Tenisi ndiyo usiseme: Wimbledon 2010, Isner na Mahut walicheza mechi moja kwa jumla ya saa 11 na dakika 5, ndani ya siku tatu. Ratiba utaipangaje?

Refa Mstaafu
Fundi umesema kweli tupu. Na sisi wa michezo tumekatwa pia. Wapenzi wa kriketi waliokuwa wakisikiliza masafa marefu ya BBC Radio 4 walizoea kukatiwa mechi ili isomwe taarifa ya hali ya hewa ya mabaharia.

Kaseti Upande B
Refa, ile ni taarifa ya kuokoa maisha ya watu baharini. Usiilinganishe na wachambuzi wawili.

Sauti ya Pili
Nimesoma nikasita, ila acha niandike.

Mimi ni mwimbaji. Tulikuwa kundi dogo, sauti nne na gitaa, tunafanyia mazoezi chumbani kwa mmoja wetu. Wimbo wetu wa kwanza tuliurekodi kwa kuchangishana. Mtangazaji mmoja wa kipindi cha vipaji vipya akaupenda, akatupa siku: Jumamosi jioni, utapigwa wote, mwanzo mpaka mwisho. Waliokuwepo enzi hizo wanajua maana yake. Hakukuwa na kupandisha wimbo mtandaoni. Usipopita redioni, hakuna anayejua kama unaimba.

Mama alikuwa hapendi kabisa habari zangu za muziki. Siku hiyo akaitoa redio chumbani kwake, akaileta sebuleni, akaifuta vumbi kwa pindo la kanga yake. Hakusema kitu. Majirani wamejaa, wengine dirishani. Mtangazaji akatutaja wote wanne, jina langu akalikosea, hatukujali. Gitaa likaingia. Beti la kwanza anaimba mwenzangu, la pili ndilo langu. Nilikuwa nimeshamwambia mama, "la pili ndio mimi." Akainama, sikio likakaribia kugusa spika.

Beti la kwanza likaisha. Kiitikio kikaisha. Mimi nimeshavuta pumzi utadhani naimba pale pale. "Naaam, karibuni uwanjani, timu ndio zinaingia!"

Watu wakadhani redio imeguswa. Mdogo wangu akazungusha kitufe mbele, akarudisha nyuma. Uwanja. Tukasema tusubiri mapumziko. Mapumziko yakawa matangazo ya biashara. Mpira ukaenda muda wa ziada, ukaenda penalti. Majirani wengine wakaondoka bila kuniangalia usoni. Waliobaki walikuwa wanasikiliza mpira sasa, na kwenye penalti walishangilia ndani ya nyumba yetu, wamesahau walichokuja kusikiliza.

Mama akainuka, akaniita jikoni. Akasema, "Haya, niimbie hilo beti la pili." Nikamwimbia bila gitaa, sebuleni wanapiga makofi ya penalti.

Wimbo haukupigwa tena. Mtangazaji alibadilishiwa kipindi, aliyemfuata hakutujua. Kundi lilikuja kuvunjika, sisemi ni kwa ajili ya siku ile, yalikuwepo mengine. Mama ameshatangulia mbele za haki. Sauti yangu redioni hakuwahi kuisikia.

Mama Kiitikio
Pole sana ndugu yangu. Lakini beti alilisikia, tena lote, tena kwa mwenye nalo. Lala na hilo.

Taa Kubwa
Nimesimamisha gari kusoma hii. Pole mkuu.

Jicho la Tai
Samahani, ila mimi naona kama imetiwa chumvi. Wimbo wa kwanza, siku hiyo hiyo muda wa ziada, siku hiyo hiyo penalti?

Kaseti Upande B
Jicho la Tai, mtu kataja marehemu mama yake, wewe unahesabu chumvi? Mechi za mtoano zinaisha kwa penalti kila mwaka. Nusu fainali ya Kombe la Dunia 1982, Ujerumani Magharibi na Ufaransa, Sevilla, 3-3 mpaka penalti. Unadhani usiku ule hakuna aliyekuwa anasubiri kitu kingine redioni?

Jicho la Tai
Nimeuliza tu. Kuuliza imekuwa kosa?

Refa Mstaafu
Namna ya kuuliza ndiyo kosa. Tuendelee na mada.

Mshika Kipenga
Sauti ya Pili, pole kutoka moyoni. Bado nasema mpira haukukosa. Aliyekosa ni mtangazaji aliyewapangia muda ule akijua kuna mechi. Angewaambia waziwazi, "wimbo wenu ni kesho yake," mama angesikia.

Sauti ya Pili
Hapo nakubaliana nawe, Mshika Kipenga. Mpira wenyewe sikuwahi kuuchukia.

Nyuzi Sita
Ushauri: hamieni kwenye matangazo ya mtandaoni ya stesheni hiyo hiyo. Haki za kutangaza mechi hewani na haki za mtandaoni mara nyingi zinauzwa tofauti. Kwangu mechi ikianza hewani, mtandaoni muziki unaendelea kama kawaida.

Taa Kubwa
Kwangu hapana. Mtandaoni waliweka ujumbe mmoja, "kutokana na haki za matangazo hatuwezi kukuletea sehemu hii," unajirudia mpaka mechi inaisha. Bora hata mpira.

Bibi wa Masafa
Wanangu, zamani suluhisho lilikuwepo. Stesheni ikiwa na masafa mawili, muziki unabaki FM, michezo inapelekwa masafa ya kati. BBC Radio 2 michezo yake mingi ilipita masafa ya kati, mpaka Agosti 1990 masafa hayo yakapewa stesheni mpya, Radio 5. Aliyetaka gitaa alipata gitaa, aliyetaka goli alipata goli. Stesheni yenye zaidi ya masafa moja isiyofanya hivyo imeamua tu kutofanya.

Fundi Mitambo
Shikamoo Bibi. Ni kweli, ila siku hizi wengi wanayazima masafa ya kati. Mitambo yake inakula umeme sana.

Bibi wa Masafa
Marahaba mwanangu. Basi wasijiite wa muziki saa 24. Waseme saa 20.

Nyuzi Sita
Au kila mtu awe na redio mbili, moja ya amani na moja ya uwanjani.

Refa Mstaafu
Niwape kisa cha upande wa pili, ingawa ni cha televisheni. Tarehe 17 Novemba 1968, Marekani, stesheni ya NBC walikuwa wanaonyesha mechi ya mpira wa Kimarekani, timu za Jets na Raiders. Jets wanaongoza 32-29, imebaki dakika moja na ushee. Saa ya filamu ya watoto ikafika, Heidi, wakakata mechi wakaweka filamu. Raiders wakafunga mara mbili, wakashinda 43-32, na watazamaji wengi hawakuona. Watu walipiga simu mpaka mitambo ya simu ya NBC ikazidiwa. Kuanzia hapo mechi zikalindwa kwenye mikataba zionyeshwe mpaka mwisho.

Lulu ya Usiku
Refa, umenipa jibu nililokuwa nalitafuta tangu jana. Shabiki wa mpira akikatwa anapiga simu. Sisi wa muziki tukikatwa tunazima redio, tunanung'unika wenyewe. Stesheni itajuaje? Ngoja.

Mama Kiitikio
Ngoja nini?

Lulu ya Usiku
Nimewapigia. Aliyepokea ameanza kwa kuniuliza, "Unapiga kuhusu matokeo ya jana?" Nikamwambia hapana, napiga kuhusu wimbo. Kwanza hakuelewa. Nikamweleza ulikatwa wapi. Akaandika jina la wimbo, akasema atampa mtangazaji, na kwamba utapigwa wote kipindi kijacho.

Fundi Mitambo
Safi. Piga tena siku moja kabla, uombe kuongea na anayepanga ratiba, si wa mapokezi.

Mshika Kipenga
Na uangalie ratiba ya ligi kabla hujamwita mtu kusikiliza. Siku hiyo usiku kuna nusu fainali.