Kumbe ukipigia mistari kitabu cha mtu kinakuwa chako?! Huyu wa "kodi ni wizi" leo kanikomesha

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule wetu ambaye hata ukimsalimia anauliza kama salamu umeitoa kwa hiari yako au serikali imekulazimisha.

Tumekaa watu kibao, mada ikaangukia maktaba za umma. Akaanza: mali ya wizi zile, asiyesoma hata bango anakamuliwa kodi ili mimi niazime riwaya bure. Akamleta Benjamin Franklin, yule mwasisi wa Marekani, kwamba mwaka 1731 kule Philadelphia yeye na wenzake walichangishana wakaanzisha maktaba ya wanachama, na ipo hadi leo. Nikamwambia basi mchukue na Andrew Carnegie, tajiri wenu wa chuma kule Marekani. Kagharamia maktaba zaidi ya 2,500, lakini mji ukitaka jengo lake ulitakiwa utoe kiwanja, na kila mwaka utenge asilimia 10 ya msaada ule kuiendesha. Kodi hiyo hiyo! Akasema basi Carnegie alikuwa anawafadhili wezi, na mimi mwenye kadi ya maktaba ni mpokea mali ya wizi. Mbele za watu.

Hilo nikalimeza. Nikasema haya, mtetezi wa mali binafsi, nirudishie kitabu changu. CHANGU, nilikinunua, hakina muhuri wa maktaba yoyote. Akakitoa kwenye begi. Wakuu, wino mwekundu kuanzia utangulizi mpaka faharasa! Pembeni kaandika "UONGO", "ona uk. 40". Unafungua ukurasa wa 40, kaandika "ona nyuma".

Nauliza hii nini, ananijibu kwa utulivu wa hakimu: "John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza, anasema ukichanganya kazi yako na kitu, kinakuwa chako. Mimi humo nimefanya kazi."

KAZI! Kupiga mistari! Kwa hiyo daktari akikupasua, tumbo anaondoka nalo?

Halafu akakirudisha begini. Kitabu changu. Akafunga zipu. Mimi ndiye mpokea mali ya wizi, na yeye akafunga ZIPU.

Mzee wa Kurasa: Pole mkuu, ila kakudanganya kirahisi mno. Locke alikuwa anaongelea vitu visivyo na mwenyewe, tena ubakishie wengine vya kutosha na vizuri vile vile. Kitabu kina mwenyewe. Na Nozick, mwanafalsafa wa Marekani ambaye ni wa kambi yao, aliuliza mwaka 1974: ukimwaga kopo la juisi ya nyanya baharini, umeimiliki bahari au umepoteza juisi? Jamaa kapoteza wino tu.

Kimya Tafadhali: Wewe naye unamwazima kitabu bure mtu anayepinga vya bure? Mlikuwa na mkataba? Maktaba unayoitetea ingemtoza faini, angekirudisha mbio.

Mleta uzi: Mkataba wa nini na mtu tunayekula naye sahani moja? Nimesema ALIFUNGA ZIPU.

Kimya Tafadhali: Tumesikia zipu, mkuu.

Soko Lenyewe: Kwenye mistari kakosea. Ila hoja ya kodi hamjaigusa. London Library ipo tangu 1841, wanachama wanalipa ada na haijafa. Anayetaka kusoma alipe, kuna ubaya gani?

Mzee wa Kurasa: Na mtoto ambaye kwao hawana ada? Akasome mabango?

Soko Lenyewe: Wewe si una huruma? Mlipie.

Skrini Nyeusi: Nyie mnagombania karatasi, bora hata inashikika. Mimi vitabu vyangu vya kwenye simu nimevilipia, nikaja kusoma masharti: sijanunua kitu, nimepewa leseni. Mwaka 2009 Amazon iliingia kwenye Kindle za watu, vile vifaa vyao vya kusomea vitabu, ikafuta vitabu vya Orwell walivyolipia, ikawarudishia hela. Orwell, aliyeandika riwaya ya serikali inayofuta maandishi, kati ya waandishi wote! Hapo hakuna serikali wala kodi. Soko Lenyewe, hebu nielimishe.

Soko Lenyewe: Mkataba uliukubali mwenyewe.

Skrini Nyeusi: Nani anasoma ule?

Begi Mbele: Mnalia na vitabu, mimi nalia na viti. Nimewahi asubuhi maktaba, nimeweka begi, nimetoka kidogo. Kurudi begi liko chini, kiti kina mtu.

Kimya Tafadhali: "Kidogo" ilikuwa mpaka jioni. Nililisogeza mimi. Kiti cha umma hakikaliwi na begi.

Begi Mbele: Kumbe ni wewe! Niliwahi, kiti changu.

Soko Lenyewe: Aliyewahi ndiye mwenye haki, ila awe anakitumia.

Mleta uzi: Jamani, kitabu changu?

Begi Mbele: Kaka subiri. Kimya Tafadhali, chaja yangu iko wapi?

Kimya Tafadhali: Begi nililisogeza. Chaja niliikuta kwenye soketi ya umma, inanyonya umeme wa umma. Malizia mwenyewe.

Begi Mbele: Njoo inbox sasa hivi.