Naomba ushauri: Naoshima au Gwangju?

Ndugu zangu mliowahi kwenda Asia kwa ajili ya sanaa, naombeni mnisaidie. Akiba yangu inatosha safari moja tu, na nashindwa kuamua.

Visiwa vya bahari ya Seto, Japani, vinanivuta sana. Kisiwani Naoshima kuna jumba la makumbusho ya sanaa la Chichu, alilolisanifu Tadao Ando, lililofunguliwa 2004. Karibu lote limo chini ya ardhi, na picha za mchoraji Mfaransa Monet humulikwa na mwanga wa jua pekee. Kisiwa jirani cha Teshima kina kazi ya Rei Naito: matone ya maji yanachimbuka sakafuni na kutiririka yenyewe. Hapo natamani kukaa kutwa nzima bila kusemeshwa.

Lakini Gwangju, Korea Kusini, ina maonyesho ya kila miaka miwili tangu 1995, katika mji ambao watu wake waliuawa mwaka 1980 wakidai demokrasia. Sanaa yenye historia kama hiyo naiheshimu mno.

Mliofika: je, feri zinawezesha kuona visiwa vyote viwili kwa siku moja? Tiketi za Chichu mlikata mapema kiasi gani? Na Gwangju, msimu wa maonyesho ukiisha, bado inafaa kwenda?