Nimeuziwa gitaa la MIDI bovu halafu naambiwa vidole vyangu ndo vizito

Wakuu habari za mchana. Nipo Dodoma, Nkuhungu, napiga solo kwaya ya kanisani huu mwaka wa tisa, na leo nimefika mwisho wa uvumilivu.

Mwezi wa pili nilitoa laki nane na nusu, hela niliyoidunduliza karibia mwaka mzima, nikamtumia muuzaji mmoja Kariakoo (simtaji, akisoma atajijua) anitumie gitaa la MIDI kwa basi. Kwa wasiolijua, hili halitoi sauti lenyewe. Shingoni lina vitufe, kifuani lina nyuzi sita fupi za kukung'uta, unachomeka waya wa USB kwenye laptopu na lenyewe linatuma taarifa tu kwamba noti fulani imepigwa kwa nguvu kiasi fulani, sauti inatengenezwa na sintesaiza iliyomo ndani ya kompyuta. Nililitaka kwa sababu mpiga kinanda wetu alihamishiwa Singida tukabaki bila violini wala filimbi, na mimi kinanda sijui, gitaa ndo najua.

Niliambiwa chomeka piga. Nikachomeka, nikapiga, sauti inakuja nyuma yangu kama nimemwita mtu ng'ambo ya korongo. Nikampigia simu, jibu lake eti kaka magitaa ya MIDI yote yanachelewa, hasa nyuzi nene. Huo ni uongo! Yanayochelewa kwenye nyuzi nene ni yale ya pikapu (kihisio kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la kawaida) kama ya Roland, ambayo lazima yasikilize uzi unavyotetemeka ndo yajue ni noti gani, na uzi wa sita ukiwa wazi unatetemeka mara 82 hivi kwa sekunde kwa hiyo wimbi moja tu linakula milisekunde 12, na wimbi moja halitoshi. Hili langu halisikilizi uzi, linasoma kitufe, sasa unene wa uzi unaingiaje hapo? Kumbe bafa ya sauti kwenye laptopu, yaani kifungu cha sauti inachokusanya kwanza kabla ya kukitoa, ilikuwa sampuli 1,024, ambayo kwa sampuli 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 23 kabla hujahesabu drayva ya Windows yenyewe. Nikaweka ASIO4ALL, drayva ya sauti isiyochelewesha, bafa nikashusha mpaka 128, ikaisha. Hayo nimeyatafuta mwenyewe usiku wa manane wakati aliyekula hela yangu kalala.

Hilo nilimsamehe. Ambalo simsamehi ni uzi wa pili.

Jumapili tulikuwa na wimbo wa Kigogo, nikachagua sauti ya malimba, ile ala ya Wagogo ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Kila nikigusa uzi wa pili noti inalia mara mbili, ta-ta, ta-ta, na malimba siyo violini kwamba sauti inapanda polepole ikafunika kosa, kila mguso unasikika. Na pale mbele wamekaa wazee waliokua na malimba ndani ya nyumba. Baada ya ibada mzee mmoja akanishika mkono taratibu akaniuliza, "Mwanangu, mbona malimba yako leo ina kigugumizi?" Niliumia sana wakuu, yule mzee ndo alinisimamia nikaruhusiwa kuingiza laptopu madhabahuni.

Kumwambia muuzaji, anasema tatizo ni Surge XT, sintesaiza ninayotumia kwenye laptopu, kwa sababu ni programu ya bure. Sawa, nikafungua MIDI-OX, ambayo inaonyesha kila taarifa inayotoka kwenye gitaa kabla sintesaiza yoyote haijaigusa. Uzi wa pili ukiwa wazi ni noti namba 59 kwa hesabu ya MIDI. Nimekung'uta mara moja, zimetoka mbili: 59 kwa nguvu ya 96, kisha 59 tena kwa nguvu ya 14, zimepishana milisekunde 30 tu. Nimerudia mara 20, mara 13 imejirudia. Nyuzi nyingine tano, hata mara moja hakuna. Akaruka tena, labda umegusa uzi mwingine wenye noti hiyohiyo. Kaka, kila uzi nimeupa chaneli yake, yaani njia yake ya kutuma taarifa, na zote mbili zimetoka chaneli ya 2! Nikishusha wepesi wa kuhisi wa huo uzi, noti ya ziada inapotea kweli, ila na zile laini ninazogusa kwa upole zinapotea nazo, sasa nimwambie mwalimu wa kwaya kuanzia leo nyimbo zote tupige kwa nguvu?

Mwisho akaniambia vidole vyangu vizito na bidhaa ikishatumika hairudi. Risiti yake mwenyewe imeandikwa udhamini wa miezi sita, hata mitatu haijaisha. Nimemtumia video, tiki za bluu nimeziona, kimya mpaka leo siku ya nne.

Jumatatu nashuka Dar na treni ya mwendokasi, nabeba gitaa, laptopu na risiti, nitaichomeka palepale kaunta mbele ya wateja wake akung'ute kwa vidole vyake yeye vyepesi.

Ombi langu, mwenye gitaa la MIDI la vitufe shingoni na nyuzi fupi kifuani afungue MIDI-OX, akung'ute uzi wa pili wazi mara 20 polepole, aniwekee hapa picha ya namba zinazotoka. Nazihitaji kabla ya Jumapili jioni.