Shida si nyasi, shida ni kamati: mmekodisha ranwei kwa ng'ombe halafu mnatuambia jeti ni za lami

Wadau, hii kitu imenikaa moyoni tangu wikendi na nikinyamaza itarudiwa, kwa hivyo naiweka hapa kila mtu aisome. Sitaji jina la kikundi chetu cha kurusha ndege za mfano wala la mtu yeyote. Nyinyi wa kamati mnajijua.

Jeti yangu, ndege ndogo ya rimoti yenye injini ya tabaini, yaani injini ya jeti kama ya ndege kubwa lakini ndogo, imeng'oka mguu wa mbele kabla haijaruka. Nilikuwa nimeikagua yote, nikaweka mafuta, injini ikawaka bila wasiwasi, kompyuta yake ikanipa ruhusa, nikaipanga katikati ya njia ikiangalia upepo na nikapandisha throtoli pole pole venye inafaa. Mnajua tabaini haishtuki kama feni ya umeme, inachukua sekunde kadhaa kupanda, halafu ndio msukumo unaingia wote. Ikashika kasi, pua ikaanza kuwa nyepesi, bado kidogo tu iinuke, na hapo tairi la mbele likaingia kwenye shimo la kwato. Kwato ya ng'ombe wadau, imekanyaga wakati wa mvua, ikakauka, ikawa ngumu kama bakuli la saruji. Mguu ulitoka na ubao wake wa plaiwudi na kipande cha fremu, pua ikalala chini, na zile nyasi zilizofyekwa zikaachwa hapo hapo juu ya njia zikaingizwa zote kwenye matundu ya hewa. Nilisikia ule mlio nikajua. Kompyuta ilikata mafuta yenyewe lakini kompresa, lile gurudumu la kuvuta hewa, imeshapigwa, ncha za mabapa zimepinda, na hiyo si kitu unapeleka jua kali ikanyooshwa. Inazunguka zaidi ya mara 120,000 kwa dakika na nafasi kati ya gurudumu na ganda lake ni sehemu ndogo tu ya milimita, ukiigusa na plaisi umemaliza. Lazima irudi ng'ambo kwa mtengenezaji, nilipe kusafirisha, nilipe beringi mpya, nilipe kusawazishwa upya, nilipe ushuru ikirudi. Injini ya hiyo saizi ikiwa mpya inapita dola 2,000, na hapo sijahesabu jeti yenyewe.

Sasa nikauliza, hizi kwato zimetoka wapi? Si tuna fensi? Si kuna kijana analipwa kulinda? Kijana wa watu akaniambia bila kuficha, ati boss, hao ng'ombe wamekuwa wakiingizwa hapa tangu mvua ianze, kuna mtu analipa kwa mwezi ndio walishe. Anamlipa nani? Hapo akanyamaza akaangalia chini, na simlaumu, ana kazi yake ya kulinda.

Yaani sisi wanachama tunatuma pesa kila mwezi za kukodi shamba na kukata nyasi, halafu mtu mmoja kwenye kamati anakodisha shamba hilo hilo mara ya pili kwa mwenye mifugo. Na hiyo pesa haijaonekana kwa grupu, haijasomwa kwa mkutano, haijulikani iko kwa simu ya nani. Nilipoandika kwa grupu ya WhatsApp nikiuliza kwa heshima kabisa, jibu la cheamani lilikuwa sentensi moja, ati jeti za tabaini ni za lami, mwenye jeti atafute lami. Wengine wakaweka vidole gumba. Mwingine akasema mmetuharibia starehe na kelele zenu.

Hiyo sentensi ndio imeniwasha, kuliko hata hasara. Kwa sababu ni uongo, na huyo aliyeandika anajua ni uongo, ameona jeti zikiruka kwa nyasi hizo hizo miaka yote uwanja ulipokuwa unatunzwa.

Ngoja nieleze, maana kuna vijana hapa wameanza juzi na wataamini. Vikundi vingi Ujerumani na Uingereza vinarusha jeti kwenye nyasi, ndio uwanja wao wa kila wikendi. Ndio, nyasi zina masharti. Unahitaji miguu yenye springi na ile mikono inayorudi nyuma, sio waya mgumu. Unahitaji matairi makubwa kidogo. Unaimarisha ubao wa mguu na kaboni, na kama matundu yako ya hewa yako chini unaweka wavu mbele ya injini, unapoteza msukumo kidogo lakini mawe na majani hayapiti. Hayo yote nilikuwa nayo, isipokuwa wavu wa injini haukuundwa kuzuia robo gunia la nyasi kavu, na hakuna wavu umeundwa hivyo. Ukiziba mbele hewa inakatika, joto linapanda, injini inakufa kwa njia nyingine.

Hata ndege kubwa za kweli zimefikiriwa hivyo. L-39, jeti ya mafunzo ya Czechoslovakia, iliundwa iweze kutumia viwanja visivyo na lami, angalia venye matundu yake yamekaa juu ya bawa. MiG-29, jeti ya kivita ya Wasovieti, kwa muundo wake wa kwanza inafunga milango ya matundu ikiwa chini na kuvuta hewa kupitia vipenyo vya juu ya bawa. A-10 ya Wamarekani injini zimebandikwa juu kule nyuma, mbali na changarawe. Wahandisi walijua takataka za chini ni adui wa tabaini, wakapanga, na wenye viwanja wakapanga pia. Hakuna mahali mtu amesema suluhisho ni kuingiza ng'ombe.

Na nyasi tulizo nazo sisi! Hii ndio inaniuma. Hizi nyasi za kikuyu asili yake ni huku kwetu nyanda za juu, zimebebwa mpaka Australia na mpaka viwanja vya gofu vya Los Angeles, kwa sababu zinatambaa zinashikana zinakuwa zulia, ukizikata fupi na kuzipiga rola tairi linapita juu bila kuzama. Sisi tumezaliwa juu yake na tunaziacha zifike goti. Nyasi zikiwa nzuri ndege hata inasimama yenyewe baada ya kutua, huhitaji breki, na ikiteleza kidogo haikwaruzwi kama kwa lami. Mimi nikipewa lami mbovu yenye changarawe na nikipewa nyasi za kikuyu zilizokatwa sentimita mbili, nachukua nyasi na sirudi nyuma.

Mtu wa Mombasa akisoma hii anaweza kushangaa kwa nini nalilia kila mita. Ndugu, Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari. Mchana jua likiwaka hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano, na tabaini inakula hewa, kwa hivyo msukumo unapungua karibu hivyo hivyo, na bawa nalo linataka kasi zaidi ndio libebe. Sasa ongeza nyasi ndefu zinazovuta matairi. Hizo mita za mwisho za njia ndio hutenganisha kuruka na kuingia kwa fensi, na hizo ndio ng'ombe wamelala. Hata wenzetu wa Kisumu ambao wako chini zaidi, mita 1,150 hivi, wana joto lao la kupambana nalo. Eldoret ndio usiseme, wamepita 2,100.

Halafu moto. Hapa kamati mnacheza na maisha ya watu na mimi sitanii. Moshi unaotoka nyuma ya hizi injini unapita nyuzi 500, wakati wa kuwasha unaweza kutoa ulimi wa moto, na ndani kuna lita tatu nne za mafuta ya taa au ya ndege yaliyochanganywa na oili. Kwa uwanja uliokatwa vizuri unawasha juu ya kipande cha bati, mwenzako amesimama na mtungi wa kuzima moto, ukimaliza unaipoza mpaka ishuke chini ya nyuzi 100 ndio unaigusa. Sawa kabisa. Lakini mkiacha nyasi zikauke zimelala kote, na ndege ikazimika huko mwisho ikakaa juu yake ikiwa bado na joto, Januari au Februari na ule upepo wa Rongai unaovuma mchana, mnajua ule moto utafika wapi? Kuna shamba la ngano la mzee jirani. Kuna nyumba. Yule mzee alitukubalia kwa roho safi na hajui kama ule mtungi mmoja tulionao ulishaisha presha kitambo na hakuna aliyeujaza. Niliandika hiyo pia kwa grupu. Kimya.

Kuna mtu atasema kufyeka walifyeka. Walifyeka, ndio, na slasha, asubuhi hiyo hiyo ya kurusha, wakaacha nyasi chini. Afadhali wangeacha zikiwa zimesimama. Nyasi inakatwa siku mbili tatu kabla, inakusanywa yote na reki, ng'ombe apelekewe huko nje ya fensi kama mnampenda sana, halafu ardhi ikiwa na unyevu kidogo, sio matope, unapitisha rola. Na rola msinidanganye ati ni bei. Pipa la lita 200, fundi wa kuchomelea anatia ekseli katikati, ukilijaza maji tu umepita kilo 200, ukilijaza zege umepita 400. Pikapu ya mwanachama yeyote inavuta. Mwaka mzima tumechanga, hilo pipa liko wapi?

Na udongo wetu mnaujua. Huu ni udongo wa volkano, mwepesi, ukikanyagwa nyasi zikatoka unabaki vumbi laini kama unga, hilo vumbi linapita kwa wavu wowote na linaenda moja kwa moja kwa beringi. Watengenezaji wanasema upeleke injini huduma baada ya saa 25, wengine 50. Kwa vumbi kama letu sioni ukifika. Kondoo ningewavumilia, wanakula fupi na kwato zao ni ndogo. Ng'ombe wakati wa mvua, hapana. Huyo hajali kama hii ni ranwei.

Kuna jambo lingine sitaki lipite. Huu mchezo haukuanza na watu wa lami. Kurt Schreckling, yule Mjerumani, alitengeneza tabaini ndogo nyumbani kwake na gurudumu la kompresa la plaiwudi lililofungwa nyuzi za kaboni, akachapisha namna ya kuunda, watu wakafuata duniani kote. Plaiwudi! Mimi nina vijana wawili jirani yangu hapa wanaosomea ufundi wa mitambo, wanakuja kila nikirusha, mmoja anajua kusoma joto la moshi na mizunguko kwenye kisanduku cha injini kuliko wanakamati wote. Hao vijana ndio hii sentensi ya jeti ni za lami inawafungia mlango, kwa sababu lami iliyo wazi kwa sisi kurushia ndege za mfano hapa Nakuru haipo. Mnajua haipo. Kwa hivyo mnaposema mwenye jeti atafute lami mnachosema ni kwamba jeti zisiruke Nakuru, na mngesema hivyo waziwazi tungejua tusichange.

Nyongeza: kuna mwanachama amenijia inboksi akisema nimewaaibisha wazee wa kikundi na haya mambo yalifaa kumalizwa ndani. Kaka, nakuheshimu, na hao wazee nawaheshimu, wawili wao ndio walinishika mkono nikijifunza kurusha ndege ya povu. Lakini ndani nilienda. Niliuliza kwa grupu, nikapiga simu, simu haikushikwa, nikaenda dukani kwa mweka hazina nikaambiwa ametoka tu sasa hivi. Ndani kumefungwa.

Na wewe mwingine unayesema ningetembea njia yote kabla ya kurusha, nilitembea. Nyasi zilizolala zimefunika mashimo. Kama hutaki kuamini nenda uwanjani kesho na fimbo, sukuma zile nyasi pembeni kuanzia katikati kuelekea upande wa fensi ya mashariki, utayaona yamejipanga.

Siwaombi mninunulie injini. Hiyo ni hasara yangu na nitaibeba. Ninachotaka ni hiki. Mweka hazina atoe steitimenti ya M-Pesa ya hiyo namba tunayotumia pesa, yote, kuanzia Januari, aiweke kwa grupu ikiwa kamili, sio picha iliyokatwa. Aliyepokea pesa za malisho ajitokeze aseme ni ngapi na zirudi kwa kazi ya uwanja. Ng'ombe watoke wiki hii. Mtungi ujazwe kabla mtu yeyote hajawasha injini hapo, hata mimi. Na mkutano uitwe uwanjani, tukiwa tumesimama juu ya hayo mashimo, sio hotelini.

Mpaka hayo yafanyike sitatuma mchango wangu wa mwezi, na najua wenzangu watatu wa jeti hawatatuma. Wadau wa Kisumu, Kakamega na Eldoret, kama kwenu kuna mtu ana rola ya kukodisha au fundi amewahi kuchomelea ya pipa, wekeni namba ya fundi kwa ruhusa yake hapa chini, na mniambie mnakata nyasi mara ngapi wakati wa mvua ndefu. Pipa ninalo, na Jumamosi asubuhi nitakuwa uwanjani na reki kama lango litafunguliwa.